Akidi Iko Upande Gani wa Bahari?

Jumatatu moja karani wa ghala fulani huko Shimanzi, hapa Mombasa, alimpigia simu kijana aliyewaundia programu ya kusajili mizigo. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. "Mashini yenu leo yaenda jongoo," akamwambia. "Nabonyeza, nakoroga chai, napiga funda, ndipo yajibu." Kijana akakagua seva zake tatu, akazikuta nzima. Intaneti nzima. Kwenye orodha ya hitilafu hamna hata mstari mmoja. Jioni akanijia nyumbani Makadara, hukumu kashaikata njiani: "Ami, hii itifaki imezeeka. Kuna mpya zenye kasi, tubadilishe."

Vijana wetu wa programu hufika hapo upesi, na si wao peke yao. Haupiti mwaka bila watafiti kutoa itifaki mpya ya muafaka, ile kanuni inayoziwezesha seva nyingi kukubaliana neno moja hata baadhi zikifa, na kila mpya hudai kuipita ya jana kwa kasi. Mimi nashikilia kwamba kwa mtu aliyekaa Mombasa, nyingi kati ya hizo hujibu swali la mwenzake. Swali lake yeye ni dogo na halina fahari: zile kura zinazohitajika ili neno lipite, zinapigwa upande gani wa bahari?

Kwanza yaliyompata karani. Data ya ghala lile huwekwa nakala tatu, moja Nairobi, moja Cape Town, moja Frankfurt, ili mtambo mmoja ukizimika kazi isilale. Nakala tatu ukiziacha kila moja ijiandikie, kesho moja itasema magunia ya mchele ni mia nne, nyingine itasema mia tatu na tisini. Kwa hiyo zinaongozwa na Raft, itifaki iliyotolewa mwaka 2014 na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford. Seva moja huwa kiongozi. Kila andiko hupitia kwake: analitia kwenye daftari lake, anawapelekea wenzake, na akishapata akidi, yaani wawili kati ya watatu naye akiwemo, anatangaza kwamba limepita. Wa tatu hangojwi. Asiyekuwepo na lake halipo, wanasema watu, na sijaona muhtasari bora zaidi wa Raft kwa lugha yoyote.

Usiku wa Jumapili seva ya Nairobi, ambayo ndiyo iliyokuwa kiongozi, ilizimwa kwa dakika chache ili isasishwe. Wenzake hawakusikia mapigo yake, zile jumbe fupi za kuonyesha kwamba kiongozi yu hai, wakapiga kura, Frankfurt ikashinda. Nairobi iliporudi ilikuta kiti kina mtu, na Raft haina adabu ya kumpisha mwenyeji: aliyekalia kiti hubaki nacho mpaka aanguke au aamriwe akikabidhi. Basi tangu alfajiri ya Jumatatu, kila gunia lililoingia Shimanzi lilikuwa likiombewa ruhusa Ujerumani.

Tupige hesabu. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 hula milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Kutoka hapa hadi Frankfurt ni kama kilomita 6,700 ukikata moja kwa moja kwa mwendo wa ndege. Kwenda na kurudi, milisekunde 67. Frankfurt nayo haiwezi kumjibu karani mpaka ipate kura moja zaidi, na mpiga kura wake wa karibu ni Nairobi, kilomita 6,300 kutoka huko: milisekunde 63 nyingine. Jumla 130. Nairobi ikiwa ndiyo kiongozi, karani anatumia 5 kuifikia na kurudi, nayo inatumia 41 kuulizana na Cape Town. Jumla 46. Mashine ni zile zile na itifaki ni ile ile, lakini muda wa kungoja umekaribia kuwa mara tatu kwa sababu tu ya aliyekalia kiti. Na hizo ni sakafu. Kebo halisi haziruki kama ndege, zinapinda kupitia Bahari ya Shamu na Misri, kwa hiyo ukipima mwenyewe utakuta zaidi.

Halafu, kama kwamba hayo hayatoshi, fomu moja ya kupokea mzigo ilikuwa inaandika mara tano, kila andiko likisubiri lililotangulia lipite. Tano mara 130. Hapo chai inakorogeka barabara.

Mji huu umeishi na jambo hili tangu kabla ya umeme. Enzi za vyombo vya tanga, mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka kumuuliza mshirika wake wa Maskati swali aliliondosha na kusi, na jibu likamrudia na kaskazi. Hata nahodha awe hodari vipi, hawezi kuuharakisha msimu. Wale wazee hawakukesha wakitafuta tanga kubwa zaidi. Walipunguza maswali. Walimweka wakili ng'ambo, wakampa mamlaka ya kununua na kuuza kwa kiasi fulani mpaka msimu fulani, mengine aamue mwenyewe papo hapo.

Mbinu hiyo ingali hai ndani ya seva. Kiongozi hupewa idhini ya muda, pengine sekunde chache tu, ambazo ndani yake wenzake wameahidi kutomchagua mwingine. Kwa kipindi hicho anaweza kujibu maswali ya kusoma, kama vile magunia yaliyobaki ni mangapi, bila kumuuliza mtu. Ghalani, kama ilivyo kwenye programu nyingi, watu husoma mara nyingi kuliko wanavyoandika, kwa hiyo faida ni kubwa. Gharama yake ni ile ile ya wakili. Akifa katikati ya msimu, wote mnakaa kitako mpaka muda wake uishe. Na saa yake ikiwa inakwenda polepole kuliko zenu, ataendelea kuuza mali akidhani bado ana mamlaka, na huku nyinyi mmeshamteua mwingine. Hili la saa watu hulipuuza. Mimi nimeona seva ambayo saa yake ilikuwa nyuma kwa dakika nzima, na hakuna aliyejua.

Mpaka mwaka 2009 mambo yetu ya nje yalitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali hupanda na kushuka, jibu nalo hupanda na kushuka, na karibu nusu sekunde imekwenda kabla mtu hajafanya kazi yoyote. Mwaka ule zikatua hapa kwetu kebo za TEAMS, itokayo Fujairah, na SEACOM, na mwaka uliofuata ikaja EASSy. Watu wakazoea kusema umbali umekwisha. Ulipungua tu. Mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Tazama hesabu ya hapo juu, kisha niambie ni itifaki gani mpya ingefuta kilomita nyingi kama zile zilizofutwa na uhamisho ule.

Sasa turudi kwa kijana na itifaki zake za kasi, maana sitaki aonekane mjinga. Alikuwa amesoma.

Ya kwanza aliyoniletea ilikuwa Fast Paxos ya Leslie Lamport, ya mwaka 2006. (Paxos yenyewe, itifaki ya awali, Lamport aliieleza kwa hadithi ya bunge la kisiwa cha Wagiriki, na makala ile ikakaa miaka mpaka 1998 ndipo ikachapishwa. Sisi watu wa kisiwani tunaielewa subira hiyo.) Fast Paxos inamruka kiongozi: mteja, yaani kompyuta ya karani, anawapelekea wapiga kura wote moja kwa moja, na hatua moja ya ujumbe inaokolewa. Kwenye karatasi ni maridadi. Lakini hatua hiyo hununuliwa kwa akidi kubwa zaidi. Seva zikiwa tano, tatu hazitoshi tena, zinatakiwa nne. Zikiwa tatu, kama za kijana wetu, zinatakiwa zote tatu. Ina maana karani wa Shimanzi atangoja jibu la Frankfurt kila mara, milisekunde 67, na kwa Raft ya kawaida yenye kiongozi Nairobi angengoja 46. Itifaki yenye jina la kasi ingemchelewesha, na hapo bado watu wawili hawajagongana wakiandika kitu kimoja kwa wakati mmoja, jambo linalodai hatua za ziada. Kijana alirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye simu yake. Watafiti huhesabu hatua. Mtu wa pwani inampasa ahesabu kilomita, kwani hatua mbili za kwenda Nairobi ni nyepesi kuliko moja ya kwenda Ulaya.

Ya pili ilikuwa EPaxos ya mwaka 2013, ambayo haina kiongozi wa kudumu. Kila seva yaweza kupokea andiko na kulisukuma, na maandiko yasiyogusana hupita kwa safari moja tu hadi akidi ya karibu. Ni kazi ya akili nyingi, na kwa kampuni yenye wateja Tokyo, London na São Paulo ina maana, kwa sababu kila mteja hukutana na seva ya kwao. Lakini wateja wote wa ghala lile wako Mombasa. Kwa seva zile tatu EPaxos ingewapa milisekunde 46 zile zile, pamoja na mzigo wa kufuatilia ni andiko gani linategemea lipi. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na kwa EPaxos hilo si neno la baraza tu: miaka kadhaa baada ya kutolewa, mtafiti mwingine alikuta kosa ndani yake, katika sehemu ya kumalizia kazi ya seva iliyokufa.

Kuna kisa kinachonifanya niwe mgumu zaidi. Mwaka 2007 ilitoka Zyzzyva, ya familia ile inayostahimili hata seva zinazodanganya. Familia hiyo ilipata nguvu ya kutumika kweli kweli kwa PBFT ya Miguel Castro na Barbara Liskov mwaka 1999, ambayo ukitaka kumvumilia msaliti mmoja inadai seva nne, na inawazungusha kwa awamu tatu za ujumbe. Zyzzyva ilisema: tutekeleze kwanza, tukubaliane baadaye. Mteja akipata majibu yanayofanana kutoka kwa seva zote nne, biashara imekwisha kwa haraka ya ajabu. Zisipofanana, mnarudi nyuma kurekebisha. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Mwaka 2017, miaka kumi baadaye, watafiti wakiwemo baadhi ya waasisi wake walionyesha kwamba njia ya kushukia ilikuwa na tundu. Kiongozi akibadilishwa katika mazingira fulani, neno lililokwisha kupita laweza kupotea. Nawavulia kofia kwa kulitangaza wenyewe. Lakini ona mahali kosa lilipojificha: si kwenye njia ya haraka, ni kwenye njia ya siku ya balaa, kama lile la EPaxos. Njia ya haraka hupimwa kila sekunde na kila mteja. Njia ya balaa hupimwa siku ya balaa.

Na kwetu siku hizo hazihitaji kutafutwa. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali pasiporuhusiwa karibu na bandari yetu iliikata TEAMS. Februari 2024 kebo kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Afrika Kusini na Msumbiji, na Afrika Mashariki nzima ikaenda kwa kutambaa. Juu ya hayo weka tingatinga la kupanua barabara linalochimbua nyuzi bila kujua, jambo ambalo mafundi wa mtandao hawalihesabu tena kuwa habari. Itifaki inayokwenda mbio bahari ikiwa shwari, na kujikwaa kebo moja ikikatika, imetungwa kwa ajili ya bahari nyingine.

Hapa kuna jambo la nadharia ambalo lingefaa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya programu. Mwaka 1985 Michael Fischer, Nancy Lynch na Michael Paterson walithibitisha kwamba katika mtandao ambao ujumbe waweza kuchelewa bila kikomo, hakuna itifaki isiyotumia bahati nasibu inayoweza kuhakikisha kwamba muafaka utafikiwa, ikiwa hata mshiriki mmoja aweza kufa. Huwezi kumtofautisha mfu na mchelevu. Muda tunaoweka wa kusubiri mapigo ya kiongozi ni kukisia tu. Waasisi wa Raft walipendekeza milisekunde 150 hadi 300, na kwa seva zilizo chumba kimoja yatosha sana. Programu ya kuhifadhi data iitwayo etcd, inayotumia Raft, huanza na 1,000. Kijana alikuwa ameziteremsha hadi 200 ili "mambo yawe chap chap". Kati ya Nairobi na Frankfurt, mtandao ukipata kikohozi kidogo tu, milisekunde 200 zimepita, kiongozi mzima wa afya anazikwa, uchaguzi unaitishwa, na uchaguzi ukiwa unaendelea hakuna andiko linalopita. Nilipoangalia kumbukumbu za wiki ile niliona uchaguzi mara kumi na moja. Hata sisi Wakenya, kwa jinsi tunavyopenda siasa, hatujafika huko.

Ipo kazi moja mpya niliyompendekezea mwenyewe, na sioni ikizungumzwa vya kutosha. Mwaka 2016 Heidi Howard na wenzake wawili walionyesha kwamba akidi ya kumchagua kiongozi na akidi ya kupitisha maandiko si lazima zilingane. Inatosha zigusane walau kwa mshiriki mmoja. Tumezoea kwamba kwa seva tano, tatu ndizo zinazoamua kila kitu. Wao wanasema waweza kupitisha maandiko kwa mbili tu, mradi uchaguzi udai nne. Maandiko ni maelfu kwa siku, uchaguzi ni wa mara moja moja, kwa hiyo unapunguza bei ya kitu unachonunua kila siku na kuipandisha ya kitu unachonunua kwa nadra. Ubaya wake hauonekani mpaka siku seva mbili zianguke na mmojawapo ni kiongozi: zimebaki tatu nzima, na hakuna anayeweza kuchaguliwa. Kwa hesabu yangu bado ni biashara nzuri kwa aliye na seva tano. Kijana ana tatu.

Kwa leja za sarafu za kidijitali, ambako hakuna anayemwamini mwenzake, mjadala ni mwingine, na itifaki ya HotStuff ya mwaka 2019 ilikubali kuongeza awamu moja ili kupunguza idadi ya jumbe. Ghala la mchele lenye seva tatu za mwenye mali mmoja halina wasaliti humo ndani. Lina kukatika kwa umeme.

Tulichofanya hatimaye hakikuhitaji itifaki mpya. Tulianza na ile fomu: maandiko matano yakafungwa kitita kimoja, yakapita kwa safari moja. Hiyo peke yake iligawanya muda kwa tano, na iliandikwa alasiri moja. Muda wa kusubiri mapigo ukarudishwa juu. Kisha tukaihamisha akidi. Seva ya Frankfurt ikafungwa, ikawekwa nyingine hapa Mombasa, sasa wapiga kura ni Mombasa, Nairobi na Cape Town, na Cape Town haina haki ya kugombea uongozi isipokuwa mtu aiamuru kwa mkono. Kiongozi akiwa hapa, kura inayokosekana iko Nairobi, milisekunde 5 za kwenda na kurudi. Hapo ndipo tukagundua kwamba diski, ambayo hakuna aliyekuwa akiihesabu, sasa inakula muda mrefu kama mtandao, tukafanya kiongozi aandike kwenye diski yake huku ujumbe ukiwa tayari njiani badala ya kungoja amalize kwanza. Raft inaruhusu hilo, Ongaro mwenyewe ameeleza.

Kebo zote za bahari zikikatika leo, ghala linaendelea kupokea mzigo. Zamani mzigo ulikuwa Shimanzi, karani yuko Shimanzi, na ruhusa iko ng'ambo. Nyuzi za kati ya hapa na Nairobi zikikatika, Mombasa na Cape Town zinapitisha maandiko, kwa mwendo wa milisekunde 40 na kitu.

Kuna watakaonikemea, na wana haki. Kura mbili kati ya tatu sasa zinategemea gridi moja ya umeme, na tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu nzima ililala gizani. Jenereta zipo, lakini jenereta ni ahadi. Tena kuna dirisha dogo ambamo andiko liko Mombasa na Nairobi na bado halijafika Cape Town. Kijana anataka seva ya nne na ya tano ili tujaribu zile akidi za Howard. Mwenye ghala ameuliza bei, akasikia, akabadilisha mazungumzo.

Juzi nilipita Shimanzi. Karani alibonyeza, jibu likatoka kabla hajainua kidole, wala hakulitazama. Alikuwa anampigia kelele kijana kuhusu printa.